Nani Amfundishe Mwalimu Mkuu?

Katika nchi yetu haruhusiwi mtu kuendesha basi la abiria kabla hajajifunza na kupata leseni. Haruhusiwi mtu kumpasua mgonjwa kabla hajapita chuoni na kusimama miaka kadhaa kando ya waganga waliomtangulia. Hata fundi seremala hamwachii mwanafunzi wake randa na msumeno siku ya kwanza. Lakini watoto mia nane, walimu ishirini, fedha za serikali na tumaini la kijiji kizima, vyote hivyo mara nyingi hukabidhiwa mtu kwa barua ya ukurasa mmoja, na Jumatatu inayofuata aambiwa: Haya, tangu leo wewe ndiwe mwalimu mkuu.

Je, jambo hilo ni haki? Na mambo yakiharibika, lawama ni ya nani? Ya yule aliyepokea funguo bila kujua kufungua, au ya yule aliyempa? Hayo ndiyo tunayotaka kuyapima leo pamoja nanyi, wazazi na walimu. Twayaita maswali ya maadili, wala si ya maofisi tu, kwa sababu anayeumia mwishoni ni mtoto, naye hakuulizwa lolote.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Kwa desturi ya Tanzania, kiongozi wa shule ya msingi huitwa mwalimu mkuu, na yule wa sekondari huitwa mkuu wa shule. Sisi katika makala haya tutasema mwalimu mkuu kwa wote wawili, maana mzigo wao ni wa namna moja.

Mzigo huo ni upi? Wengi hudhani kwamba mwalimu mkuu ni mwalimu kama wengine, ila ameongezewa kiti na mhuri. Sivyo hata kidogo. Mwalimu wa darasa hushughulika na watoto. Mwalimu mkuu hushughulika na watu wazima kwa ajili ya watoto, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Tangu Januari 2016, ada zilipofutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, fedha za ruzuku huingia katika akaunti ya shule, naye ndiye ajibuye juu ya kila shilingi. Tangu mwaka 2017 shule, sawa na zahanati, zapaswa kuandika hesabu zake katika mfumo mmoja wa serikali, naye ndiye atakayeulizwa kama hesabu hazilingani. Yeye ndiye katibu wa kamati ya shule, au wa bodi ikiwa shule ni ya sekondari. Yeye hukagua maazimio ya kazi na maandalio ya masomo, huingia madarasani kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachofundishwa, husuluhisha walimu waliokosana, hufuatilia mtoro, humpokea mzazi mwenye hasira, hutafuta mahindi ya uji wa watoto, na jioni huandika taarifa kwa wakubwa wake.

Tena yeye ndiye mlinzi wa sheria ndani ya uzio wa shule. Tuchukue jambo la kiboko. Kanuni za mwaka 2002 juu ya adhabu hiyo zasema kwamba mwenye mamlaka ya kuitoa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Kwamba viboko visizidi vinne. Kwamba msichana aadhibiwe na mwalimu wa kike, ila kama shuleni hakuna. Na kwamba kila adhabu iandikwe kitabuni. Wako watu wanaotaka kiboko kiondolewe kabisa, na wako wanaokitetea. Leo hatuamui shauri lao. Twauliza tu: ni walimu wakuu wangapi waliosomeshwa kanuni hizo kabla ya kukalia kiti? Mtoto apigwapo na walimu watatu kwa zamu, kila mmoja kwa hasira yake, hana wa kumwokoa ila mtu mmoja ajuaye sheria yasemaje na mwenye moyo wa kuisimamia.

Tuchukue na jambo la pili. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 ulifungua mlango wa kurudi shuleni kwa wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwamo wasichana waliopata mimba. Mwalimu mkuu asiyeujua waraka huo, au aliyeusikia kwa mbali tu, aweza kumrudisha langoni msichana aliyekuja na haki yake mkononi. Msichana huyo hatakata rufani. Ataondoka kimya, na maisha yake yatakwenda njia nyingine. Ujinga wa mtu mmoja ofisini umekuwa hukumu ya mtu mwingine barabarani.

Hapo wako wanaotupinga kwa kusema: Uongozi ni kipaji. Aliye nacho anacho, asiye nacho hata umpeleke vyuo vyote atarudi kama alivyokwenda. Mteueni mwalimu hodari, na shule itakuwa hodari.

Neno hilo lina ukweli kidogo, na ukweli kidogo ndio unaodanganya zaidi. Ni kweli kwamba watu hawakuumbwa na vipaji sawa. Lakini kufundisha hesabu vizuri ni ustadi mmoja, na kuwawezesha walimu kumi na watano wafundishe vizuri ni ustadi mwingine. Aliye bingwa wa ule wa kwanza aweza kuwa mchanga katika huu wa pili. Mara ngapi shule imempoteza mwalimu bora wa hesabu na kumpata mkuu dhaifu, ikawa hasara mbili kwa siku moja! Wala kosa si lake. Aliitwa kufanya kazi ambayo hakuna aliyemwonyesha.

Plato, yule Myunani wa kale, katika kitabu chake juu ya Jamhuri alitoa mfano wa jahazi. Mabaharia wagombania usukani, kila mmoja akidai kwamba yeye ndiye astahiliye kuongoza, ingawa hakuna kati yao aliyejifunza unahodha. Tena hawaishii hapo, bali washikilia kwamba unahodha haufundishiki hata kidogo, na wako tayari kumshambulia yeyote asemaye kwamba wafundishika. Watu wa pwani yetu hawahitaji kufafanuliwa mfano huo. Wao wajua kwamba nahodha wa kweli alianza utotoni kuchota maji ngamani, akajifunza kaskazi na kusi, nyota na miamba, akapewa usukani bahari ikiwa shwari kabla ya kupewa bahari ikiwa imechafuka. Anayesema kwamba uongozi haufundishiki kwa kawaida ni yule anayetaka kuongoza bila kufundishwa.

Wapinzani wetu wa pili wana hoja yenye nguvu zaidi. Wao wasema: Wazee wetu, wale mahedimasta wa zamani ambao jina lao latajwa hata leo kwa heshima, walihudhuria semina gani? Walipata stashahada gani ya uongozi? Hawakuwa nayo, na shule zao zilisimama.

Twakubali kwamba wengi wao hawakuwa na karatasi hizo. Lakini je, ni kweli kwamba hawakufundishwa? Tuangalie vizuri. Mwalimu wa zama zile alikaa miaka mingi chini ya mkuu mwenye msimamo, akimwona jinsi anavyoamka mapema kuliko wote, anavyokagua madaftari, anavyomwonya mwalimu faraghani na kumsifu hadharani. Baadaye akapewa darasa la mtihani, kisha akawa msaidizi, kisha akapewa shule ndogo ya madarasa mawili huko mbali, na mwishoni shule kubwa. Kila kipandio cha ngazi hiyo kilikuwa chuo. Aristotle alifundisha kwamba mtu huwa mjenzi kwa kujenga na mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Lakini akaongeza jambo ambalo watu husahau, kwamba kwa kutenda huko huko hupatikana pia wajenzi wabaya na wapiga kinubi wabaya, na kwa hiyo lazima awepo wa kufundisha. Wazee wetu walikuwa na wa kuwafundisha. Chuo chao hakikuwa na geti wala mahafali, lakini kilikuwa chuo.

Sasa ngazi hiyo imekuwaje? Ilivunjwa na mwendo wa kasi. Mpango wa kupanua elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004 uliamsha wananchi kujenga shule karibu katika kila kata. Mwaka 2005 Tanzania Bara ilikuwa na shule za sekondari 1,745. Mwaka 2009 zilikuwa 4,102. Katika miaka minne tu ziliongezeka shule 2,357, na kila moja ilihitaji mtu wa kuiongoza. Hatulaumu ujenzi huo. Watoto wa wakulima na wafugaji, ambao masomo yao yangaliishia darasa la saba, walipata kuketi kidato cha kwanza, na wengine kati yao leo ni waganga na mahakimu. Lakini matofali hufyatuliwa kwa wiki, na kiongozi hapatikani kwa wiki. Walimu vijana walichukuliwa kutoka ubaoni moja kwa moja hadi ofisini, hawakupitia usaidizi wa kutosha, hawakuwa na mzee wa kumtazama. Basi, wanaosema kwamba mafunzo hayahitajiki kwa kuwa wazee hawakuyahitaji, wamesahau kwamba yale yaliyowafundisha wazee leo hayapo katika shule nyingi. Mahali pa ngazi iliyovunjika, lazima pawekwe ngazi nyingine.

Si kwamba nchi haikuwaza jambo hilo. Tangu mwaka 1979 kulikuwa na mafunzo ya viongozi wa elimu yaliyojulikana kwa jina la MANTEP, na mwaka 2001 chuo hicho cha Bagamoyo kikawa Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, yaani ADEM, ambao una vituo Mwanza na Mbeya pia. Huko mwalimu aweza kusomea stashahada ya uongozi na usimamizi wa elimu. Majirani zetu wa Kenya nao wana taasisi ya namna hiyo tangu mwaka 1981. Yatupendeza kukumbuka kwamba Bagamoyo ndipo Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni yao mwaka 1868 na kuwafundisha watoto waliokombolewa utumwani. Tangu siku hizo mji huo wajua kwamba kulea watoto wa watu si kazi ya kubahatisha.

Chuo kipo, basi. Lakini chuo kuwapo ni jambo moja, na kumfikisha kila mteule chuoni kabla ya kumkabidhi shule ni jambo jingine. Hapa ndipo twarudi kwa swali letu la lawama.

Waalimu wa maadili hutenganisha ujinga wa namna mbili. Kuna ujinga ambao mtu hakuwa na njia ya kuuondoa. Huo humwondolea lawama. Na kuna ujinga ambao angaliweza kuuondoa kama angalitaka, huo haumwondolei. Wengine huongeza na wa tatu, ulio mbaya kuliko wote: ujinga ambao mtu autunza makusudi, kwa kuwa una faida kwake.

Tumfikirie mwalimu mkuu mpya aliyeambiwa anunue madawati thelathini. Akaenda kwa seremala wa kijiji, wakapatana, akalipa taslimu, na madawati yakaja. Watoto waliokuwa wakiketi sakafuni sasa waketi vizuri. Mwaka wa pili wakaja wakaguzi wa hesabu. Wakauliza: Bei za mafundi wengine ziko wapi? Muhtasari wa kikao cha kamati uko wapi? Risiti iko wapi? Madawati yapo, karatasi hazipo. Mtu huyu aitwa mwizi mbele ya wanafunzi wake, avuliwa cheo, labda apelekwa polisi. Je, ameiba? Hakuiba hata senti moja. Alikosea, ndiyo, lakini alikosea jambo ambalo hakuna aliyemfundisha, na waliomtuma walijua kwamba hajafundishwa. Hapo twasema bila kusitasita kwamba sehemu kubwa ya lawama ni ya waliomtuma. Kumpeleka mtu vitani bila ngao, kisha kumshitaki kwa kuwa amejeruhiwa, hiyo si haki.

Lakini tusimwonee huruma kupita kiasi. Tuseme mtu yule yule amekaa ofisini miaka mitatu. Nyaraka zimo kabatini. Kijiji cha pili yuko mwalimu mkuu mzee ajuaye hesabu. Ofisa elimu wa kata hupita kila mwezi. Naye hajauliza, hajasoma, hajaomba msaada, kwa kuwa aona haya kuonekana hajui, au kwa kuwa cheo kimemlevya. Sasa ujinga umekuwa wake mwenyewe. Mtakatifu Thomas wa Akwino, alipozipanga sehemu za fadhila ya busara, aliweka kati yake utayari wa kufundishwa, akieleza kwamba katika mambo ya kutenda hakuna mtu anayejitosheleza peke yake. Kwa hiyo mkubwa asiyetaka kufundishwa hapungukiwi na elimu tu, bali amepungukiwa na fadhila yenyewe ambayo kwayo watu huongozwa.

Na yule wa tatu je? Yule ambaye madawati hayapo lakini karatasi zipo, tena zimepigwa mihuri yote? Huyo hana shida ya mafunzo. Huyo ana shida ya dhamiri, na dawa yake ni nyingine.

Neno hilo latufikisha kwenye jambo ambalo wapenzi wa semina hawapendi kulisikia. Mafunzo hayawezi yote. Katika kitabu kingine cha Plato, Socrates auliza kama fadhila yaweza kufundishwa, na atoa mfano wa Themistocles, kiongozi mashuhuri wa Athens, aliyemfundisha mwanawe kupanda farasi hata akaweza kusimama wima juu ya mgongo wake na kurusha mikuki. Lakini ule wema na hekima zilizompa baba sifa hazikuonekana kwa mwana. Ustadi uliingia, wema haukuingia. Hali kadhalika, majuma mawili ya semina yaweza kumfundisha mtu kuandika hesabu, kupanga ratiba, kuendesha kikao, kukagua somo bila kumdhalilisha mwalimu. Hayawezi kumpa upendo kwa mtoto wa mtu mwingine. Hayawezi kumpa ushujaa wa kukataa bahasha.

Tena tuseme wazi kwamba ziko semina ambazo watu huhudhuria kwa ajili ya posho, wakaandika jina, wakanywa chai, wakarudi na mkoba mpya na kichwa kile kile. Na kiko cheti kinachotafutwa kwa sababu ya cheo, si kwa sababu ya kazi. Hata nchi tajiri zimesumbuka na jambo hili. Uingereza ilianzisha mwaka 1997 sifa maalumu ya kitaifa kwa wanaotaka kuwa walimu wakuu. Mwaka 2009 ikawa sharti kwa kila anayeshika ukuu mara ya kwanza katika shule za umma. Mwaka 2012 sharti likaondolewa, mafunzo yakabaki kuwa hiari. Sisi twaona hapo kwamba cheti pekee hakimalizi shauri. Singapore ilifuata njia nyingine: tangu mwaka 2001 huwachagua kwanza walioonekana kufaa, kisha huwaondoa kazini kwa miezi kadhaa wakasome uongozi katika chuo cha taifa cha ualimu, kabla ya kuwapa shule. Nchi ile ni ndogo na ina fedha. Hatuwezi kuiga kila kitu. Lakini utaratibu wake watufaa hata sisi: chagua kwanza, fundisha pili, kabidhi tatu. Sisi mara nyingi tumeugeuza: twakabidhi kwanza, twafundisha tukipata nafasi, na kuchagua twakukumbuka siku ya kumwondoa mtu.

Je, tusio na fedha nyingi twaweza kufanya nini? Twaona mambo matatu ambayo hayahitaji jengo jipya.

La kwanza, mwalimu mkuu msaidizi awe mwanafunzi wa kweli wa ukuu. Katika shule nyingi msaidizi ni mtu wa kupiga kengele na kushika zamu mkubwa asipokuwapo. Hiyo ni hasara. Aonyeshwe vitabu vya hesabu. Aendeshe vikao mkuu akiwa ameketi pembeni. Waingie darasani pamoja kutazama somo, kisha washauriane walichoona. Mkuu anayemficha msaidizi wake kazi, kwa kuogopa kwamba atamnyang'anya kiti, ailinda nafsi yake kwa hasara ya shule.

La pili, makabidhiano yawe makabidhiano. Yasiwe ya asubuhi moja, soda mbili na sahihi tatu. Ikiwezekana, anayeondoka na anayeingia wafanye kazi pamoja hata majuma machache: madeni ni haya, mali ni hizi, mwalimu huyu ana mgonjwa nyumbani, mtoto yule ni yatima na halali na chakula cha kutosha. Mambo hayo hayamo katika waraka wowote, na bila hayo mkuu mpya huongoza gizani.

La tatu, walimu wakuu wa kata moja wakutane na kutembeleana, si kwa ajili ya kupokea maagizo tu, bali kuulizana. Utaratibu wa serikali wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, uitwao MEWAKA, wataka walimu wajifunze pamoja shuleni kwao. Hilo ni jema, nao wakuu wasijitoe. Mwalimu mkuu aliyekaa miaka ishirini ana mali ambayo hakuna chuo kinachoweza kuiuza. Lakini atastaafu nayo na kuzikwa nayo, kama hakuna anayemwendea.

Haya twawaambia maofisa wa serikali. Lakini itakuwa aibu kuyasema kwa wengine na kunyamaza kwetu. Kanisa nalo lina shule nyingi. Sheria ya elimu ya mwaka 1969 ilizitwaa shule nyingi za misheni zikawa za serikali, lakini katika miaka ya baadaye majimbo na mashirika ya watawa yamejenga nyingine nyingi. Huko nako hutokea kwamba padre au sista apokea barua ya uhamisho na kukuta amekuwa mkuu wa shule, yeye ambaye hajawahi hata kuwa msaidizi. Twaheshimu utii wake. Lakini daraja takatifu si stashahada ya kuendesha shule, wala nadhiri hazifundishi utunzaji wa hesabu. Utii ni fadhila ya anayetumwa. Haumwondolei anayetuma wajibu wa kumwandaa. Shirika ambalo latuma mtu kusoma miaka minne ili awe muuguzi, kwa nini lione uchungu kumpa mwaka mmoja ili awe kiongozi wa watoto mia sita?

Kwenu ninyi walimu mnaotamani ukuu, twasema kwamba tamaa hiyo si dhambi. Shule zahitaji watu wanaotaka kuziongoza. Lakini kila mmoja ajiulize mbele ya Mungu: Nataka kiti ili nipate nini? Kama ni posho ya madaraka, au kukimbia vumbi la chaki, heri abaki darasani, na hata huko atafanya kazi kwa shida. Kama ni kwa sababu ameona watoto wakipotea na anaamini kwamba yaweza kuwa vinginevyo, basi aanze kujifunza leo, kabla ya barua. Asome nyaraka. Amwombe mkuu wake amwonyeshe hesabu. Atazame makosa ya mkuu wake bila kumcheka, maana hayo pia ni somo.

Nanyi wazazi msijitenge. Wengi wenu hukumbuka kwamba kuna mwalimu mkuu siku mbili tu kwa mwaka: siku ya matokeo, na siku mtoto alipofukuzwa. Nendeni kwenye mikutano ya shule. Ulizeni hesabu kwa adabu, na mkielezwa sikilizeni. Mkichaguliwa katika kamati, msiwe watu wa kutia sahihi tu. Mkimwona mkuu mchanga anajitahidi, mmoja wenu aliye mhasibu mstaafu au mwalimu mstaafu amwendee jioni na kumwambia: Mwanangu, nikusaidie wapi? Neno hilo moja laweza kuokoa shule na kumwokoa mtu.

Mwishoni, iko sababu moja kwa nini shauri hili haliwezi kungoja mpaka fedha zitoshe. Kiongozi aweza kujifunza kwa kukosea, na baada ya miaka mitano akawa mtu mzuri kabisa. Lakini watoto waliopita katika miaka hiyo mitano hawatarudi. Mtoto hasomi darasa la nne mara ya pili kwa sababu mwalimu mkuu wake alikuwa bado anajifunza. Makosa ya mkuu asiyefundishwa hulipwa na wale ambao hawana deni lolote.

Basi, kabla ya kumkabidhi mtu funguo za shule, na tumfundishe. Na aliyekwisha kuzipokea bila kufundishwa, asione haya kuuliza, wala sisi tusione uzito kumjibu.